Valvu ya tishu ya mnyama katika moyo wa kijana: hudumu miaka mingapi, na nini hufuata?

MwalimuWaBusia (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo familia yetu ililijua kwa kuchelewa, nami sitaki familia nyingine ilijue kwa njia ile ile.

Mdogo wangu wa kike alibadilishiwa valvu ya mitrali (mlango wa damu kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 19, katika hospitali ya ng'ambo ambako alipelekwa kwa michango ya ukoo, ya waumini wenzetu na ya walimu wa shule yangu. Aliwekewa valvu iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe. Tuliambiwa kwamba amepona, kwamba hatameza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa maisha yake yote, na kwamba ataweza kuzaa. Mambo mawili ya mwisho yalikuwa kweli: aliacha dawa baada ya miezi 3, akaolewa, akajifungua watoto wawili salama. La kwanza halikuwa kweli. Mwaka 2020 alianza kupumzika mara tatu njiani akitoka kisimani, na mwaka uliofuata alifunguliwa kifua kwa mara ya pili. Daktari aliyetuonyesha picha za kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, alisema kwamba vijitando vya valvu vilikuwa vimekakamaa kwa chokaa na kimoja kilikuwa kimechanika. Tulipouliza kosa lilikuwa la nani, alijibu kwamba hapakuwa na kosa, kwani valvu ilikuwa imefikia mwisho wake.

Hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa na mwisho wake tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetueleza. Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wajuzi, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Valvu za tishu hutokana ama na valvu ya moyo wa nguruwe, ama na utando unaofunika moyo wa ng'ombe, ambao hukatwa na kushonwa ukapata umbo la valvu. Huko Paris mwaka 1965, Jean-Paul Binet, Alain Carpentier na wenzao walimwekea binadamu valvu ya nguruwe, lakini valvu zile za mwanzo, zilizohifadhiwa kwa dawa za kawaida za kuhifadhia viungo, ziliharibika mapema. Carpentier ndiye aliyegundua baadaye kwamba kemikali iitwayo glutaraldehaidi huzifunga nyuzi za kolajeni pamoja, huiimarisha tishu na kupunguza uwezekano wa mwili kuikataa. Valvu nyingi za tishu zinazotumika leo hutengenezwa kwa msingi huo.

Hata hivyo, kemikali hiyo hiyo inayoiokoa tishu ndiyo inayoandaa uharibifu wake. Tishu iliyotiwa glutaraldehaidi haina tena seli hai, kwa hiyo haiwezi kujirekebisha pale inapochakaa, na mabaki ya kemikali pamoja na mafuta ya seli zilizokufa huwa mahali pa kushikia kalisi iliyomo kwenye damu. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huikunja tishu ile isiyo na uhai. Katika mwili wa kijana, ambao kinga yake ni kali na matumizi yake ya kalisi ni ya kasi kuliko ya mzee, chokaa hujengeka haraka zaidi. Kwa hiyo swali la valvu hudumu miaka mingapi halina jibu moja, kwani jibu hutegemea umri wa anayewekewa na mahali inapowekwa.

Nitataja takwimu chache, kwa sababu familia yetu ilipewa maneno ya faraja bila takwimu hata moja. Huko Tours, Ufaransa, wagonjwa 2,659 waliowekewa valvu ya utando wa ng'ombe aina ya Carpentier-Edwards Perimount mahali pa valvu ya aota (mlango wa kutokea damu kutoka moyoni kwenda mwilini), kati ya mwaka 1984 na 2008, walifuatiliwa kwa muda mrefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 71, na muda uliotarajiwa wa valvu kudumu ulikuwa miaka 19.7. Hiyo ndiyo namba ambayo mtu hutajiwa ili atulie. Lakini kwa waliokuwa na miaka 60 au chini yake, waliofika mwaka wa 20 bila kuhitaji kupasuliwa upya kwa sababu ya kuchakaa kwa valvu walikuwa takriban asilimia 38 tu. Na hao bado ni watu wa miaka 50 na kitu, wala si msichana wa miaka 19 kutoka Busia.

Kule Marekani, jaribio lililofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya valvu ya tishu na ile ambayo watu wetu huiita valvu ya chuma, ingawa kiini chake siku hizi hutengenezwa kwa kaboni ngumu. Baada ya miaka 15, miongoni mwa waliokuwa chini ya umri wa miaka 65, valvu za tishu zilizoharibika mahali pa aota zilikuwa asilimia 26, na mahali pa mitrali asilimia 44, ilhali zile za chuma zilikuwa 0 na 4. Valvu ya mitrali huumia zaidi kwa sababu hujifunga dhidi ya nguvu yote ya chemba kubwa ya kushoto pale inaposukuma damu, wakati ile ya aota hujifunga moyo unapolegea. Na ugonjwa wetu wa hapa, unaotokana na homa ya baridi yabisi, hupenda hasa mitrali.

Ninaomba wenye uzoefu wachangie, hasa waliokaa na valvu ya tishu kwa zaidi ya miaka 8.

Mzee_wa_Bombo

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kwa utaratibu. Nina swali ambalo wengi wetu hapa Bombo hulinong'ona lakini hawaliulizi hospitalini. Mjukuu wangu, mwenye miaka 16, ameambiwa atahitaji valvu. Mama yake amesikia kwamba nyingine hutoka kwa nguruwe, na usiku hapati usingizi. Je, familia ya Kiislamu ifanye nini, na je, ya nguruwe hudumu kuliko ya ng'ombe?

MwalimuWaBusia

Mzee wangu, shikamoo. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo upande wa sheria niliwauliza majirani zangu wenye elimu ya dini. Walinisomea aya ya 173 ya Sura ya Pili, inayotaja nyama ya nguruwe miongoni mwa vilivyoharamishwa na papo hapo kusema kwamba aliyelazimika, bila kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi. Wakaongeza kwamba wanazuoni wengi hujengea hapo ruhusa ya tiba pale maisha yanapokuwa hatarini na mbadala ukikosekana. Imamu wenu ataweza kulifafanua vizuri kuliko mimi. Ila ninyi mna mlango ulio mwepesi zaidi, kwa kuwa mbadala upo. Valvu za utando wa ng'ombe zinapatikana na hutumika kwa wingi, na mpasuaji akielezwa mapema anaweza kuagiza hiyo. Mama yake na alitamke jambo hilo waziwazi katika kikao cha kwanza, asisubiri siku ya kutia saini fomu.

Kuhusu kudumu, tofauti kati ya nguruwe na ng'ombe ni ndogo ukiilinganisha na tofauti inayoletwa na umri. Mtoto wa miaka 16 atachakaza ya ng'ombe na atachakaza ya nguruwe. Swali ambalo ningetanguliza kwa mjukuu wako ni kama valvu yake mwenyewe inaweza kukarabatiwa. Ukarabati unapowezekana, hasa kwa mtoto ambaye bado anakua, humwachia tishu yake iliyo hai, na hata usipodumu milele, humsogeza mbele kwa miaka ambayo ni ya thamani kubwa.

NyotaYaRwenzori

Naomba nipingane na mwalimu kwa adabu, kwa sababu nikisoma maelezo yake naona kana kwamba valvu ya chuma ndiyo suluhisho. Mimi ninayo, tangu mwaka 2014, nikiwa na miaka 23. Niliambiwa kwamba ni ya maisha, na kweli yenyewe haijachakaa. Kilichochakaa ni mimi niliyeibeba.

Ninaishi kijijini juu ya Kasese. Kila mwezi ninatakiwa kupima INR, kipimo kinachoonyesha kama warfarini, dawa ninayoimeza kwa sababu ya valvu hii, imezuia damu kuganda kwa kiasi kinachofaa. Ikishuka, valvu inaweza kuziba kwa donge la damu au donge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Ikipanda, ninavuja damu. Nauli ya boda mpaka barabara kuu, kisha gari hadi mjini, kisha kungoja, kisha kuambiwa kwamba leo vifaa vya kupimia vimekwisha, rudi wiki ijayo. Kipindi fulani nilikaa miezi 4 bila kupima. Nilipopima, namba ilikuwa 7.8, wakati kwangu inatakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ufizi ulikuwa umetoka damu kwa siku tano nami nikidhani ni mswaki.

Na kuhusu uzazi, mwalimu amelitaja kwa sentensi moja tu, ilhali kwetu wanawake ndilo jambo lenyewe. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na katika wiki ya 6 hadi ya 12 inaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto. Ukiiacha, valvu inaweza kuganda. Nilipoteza mimba mbili. Sisemi kwamba dawa ndiyo iliyozitoa, lakini sikupata mtu wa kuniambia kwamba haikuhusika. Kama ningeulizwa mwaka 2014, ningechagua ya ng'ombe, nikijua kabisa kwamba itachakaa.

Muuguzi_Gulu

Dada Nyota, pole sana. Nimefanya kazi ya uuguzi kaskazini kwa miaka mingi na niliyoyasoma kwako nimeyaona mara nyingi.

Takwimu zinakuunga mkono. Katika orodha ya kimataifa ya wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi iitwayo REMEDY, iliyokusanya wagonjwa 3,343 kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, wanawake walikuwa karibu theluthi mbili, nusu ya wagonjwa wote walikuwa na umri wa miaka 28 au chini yake, na kati ya waliokuwa wakitumia dawa za aina ya warfarini, wenye INR iliyo mahali pake walikuwa takriban asilimia 28 tu. Na kuhusu mimba, orodha nyingine ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2015 iliwalinganisha wajawazito 212 wenye valvu za chuma na 134 wenye valvu za tishu. Waliopita ujauzito bila tatizo kubwa walikuwa asilimia 58 kwa chuma na asilimia 79 kwa tishu, na hiyo ya tishu ni karibu sawa na wagonjwa wa moyo wasio na valvu ya bandia.

Niongeze mambo ambayo wagonjwa wetu hawaelezwi vya kutosha. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma wiki zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Dawa yake si kuziacha, kwa maana ndizo chakula chetu, bali ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kisha kipimo cha dawa kirekebishwe kifuate chakula. Hatari kubwa zaidi ninayoiona hutoka kwenye vidonge vingine. Rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha warfarini sana, na septrini, flukonazoli na metronidazoli huipandisha. Mgonjwa huandikiwa septrini katika kituo kidogo ambako hakuna aliyeuliza kuhusu valvu yake, na baada ya wiki moja analetwa akitokwa damu. Zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR, lakini kwa mwenye valvu ya chuma hazifai: jaribio la mojawapo, dabigatrani, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata madonge zaidi na kuvuja damu zaidi.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kwamba vijana wote wawekewe chuma kwa sababu miongozo ya Ulaya na Marekani inasema hivyo. Miongozo ile imeandikwa kwa watu wanaoweza kupima INR karibu na nyumbani. Lakini pia sikubaliani na anayeweka tishu halafu akamwacha mgonjwa aende zake, kama alivyoachwa mdogo wake mwalimu.

MwalimuWaBusia

Dada Nyota, ninakuomba radhi. Umenirekebisha na nimekubali. Nilikuwa nikiandika kwa uchungu wa upasuaji wa pili nikasahau kwamba mdogo wangu ana watoto wawili wanaomwita mama, na kwamba waliwezekana kutokana na valvu ile ile ninayoilalamikia. Mara ya pili aliwekewa ya chuma, kwa sababu alikwisha kuzaa na kwa sababu kifua cha kufunguliwa mara ya tatu ni hatari zaidi, kwani makovu huushikanisha moyo na mfupa wa kifua. Sasa anaishi kwenye ratiba hiyo hiyo ya INR uliyoieleza. Usiku kukiwa kimya watoto wake huusikia mlio wa valvu kama saa ya ukutani.

Basi niseme vizuri zaidi kile ninachokiamini. Sipingi msichana wa Uganda kuwekewa valvu ya tishu. Ninapinga kuiweka bila kuupanga upasuaji wa pili siku hiyo hiyo. Mtu wa miaka 70 akiwekewa valvu ya ng'ombe, mara nyingi valvu humzidi umri. Mtu wa miaka 19 huizidi yeye, na pengine zaidi ya mara moja. Maana yake ni kwamba aondoke hospitalini akiwa na kadi yenye aina na ukubwa wa valvu, apimwe eko ya kulinganishia katika miezi ya mwanzo, na baada ya hapo apimwe kila mwaka hata akijisikia mzima, kwa sababu kuchakaa kwa tishu kwa kawaida huja polepole na hutoa taarifa. Hiyo ndiyo heri yake kubwa kuliko ya chuma, ambayo ikiganda inaweza kuua kwa muda mfupi. Lakini taarifa haimsaidii asiye na wa kumsomea. Mdogo wangu hakupimwa eko kwa miaka 6 mfululizo, na alipofika kwenye upasuaji wa pili tayari mapafu yalikuwa yamejaa maji na ini limevimba. Angefika miaka miwili mapema, angefika akitembea.

Fedha nazo zianze kuwekwa mapema. Sisi tulivunja kamati ya michango wiki aliyorudi, tukala, tukashukuru. Ningejua, ningeiacha ile akaunti wazi.

BabaWaKijana

Ninasoma tangu asubuhi. Kijana wangu ana miaka 21 na amepangiwa upasuaji wa valvu ya aota katika Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Daktari amegusia kwamba valvu ya tishu ikichakaa siku hizi inawezekana kuingiza nyingine ndani yake kupitia mshipa wa paja, bila kufungua kifua. Je, jambo hilo ni la kweli au ni la kutupa moyo?

Muuguzi_Gulu

Baba, ni la kweli. Alain Cribier alimwekea mgonjwa valvu ya aota kupitia mrija kwa mara ya kwanza huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, na kutokana na mbinu hiyo ikazaliwa njia ya kuweka valvu mpya ndani ya ile ya tishu iliyochakaa. Ila kuna mambo mawili ya kupima. Valvu hizo ni za gharama kubwa mno, kwa hiyo msiipange bajeti yenu juu ya matumaini hayo. La pili ni la ukubwa: valvu ikiingia ndani ya nyingine, tundu la kupitishia damu hupungua. Aliyewekewa mwanzoni valvu ndogo ya aota, ya milimita 19 kwa mfano, nafasi yake ya kupokea ya pili ndani yake ni finyu sana. Kwa hiyo mwulize mpasuaji sasa, kabla ya upasuaji, anatarajia kuweka ukubwa gani, na kama mahali pa kuikalisha panaweza kupanuliwa ili iingie kubwa zaidi.

Tena kijana, kama anachomwa sindano ya penisilini ya kuzuia homa ya baridi yabisi, asiiache kwa kuwa amepata valvu mpya. Valvu ya bandia haishambuliwi na homa ya baridi yabisi, lakini zile tatu zilizobaki ni zake mwenyewe. Sindano hiyo ina nguvu hata mapema kabla ya haya yote: katika utafiti uliofanyika hapa kaskazini mwa Uganda kwa watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, waliopewa sindano kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, na wasiopewa ukaendelea kwa asilimia 8.2. Na kabla ya kung'oa jino, amweleze daktari wa meno kwamba ana valvu ya bandia ili apewe antibayotiki kwanza, kwa sababu bakteria wakiota juu ya valvu hawajali kama ni ya chuma au ya ng'ombe.

NyotaYaRwenzori

Baba wa kijana, na mwulizeni kijana mwenyewe. Ana miaka 21. Mimi nilikuwa na 23 na waliulizwa baba na wajomba.

BabaWaKijana

Nimekuelewa, binti yangu. Nimempa simu asome uzi wote kuanzia juu. Ameniambia kwamba anafanya kazi ya kupanda paa, ujenzi, na kwamba anaogopa dawa ya kufanya damu isigande kuliko anavyoogopa kisu. Tumeandika maswali sita ya kwenda nayo Jumatatu, na la kwanza ni lile la milimita.

MwalimuWaBusia

Baba, ukirudi utuandikie alichojibu mpasuaji. Na kadi ya valvu ikitoka, ipige picha, umtumie ndugu mmoja aishiye mbali na nyumbani kwenu. Ya mdogo wangu iliungua na nyumba, na mpasuaji wa pili alifungua kifua bila kujua ukubwa wa kile alichokuwa anakwenda kukitoa.